Utambi wa Vepu: Pamba, Silika au Rayoni?

Utambi wa sigara ya kielektroniki hufanya kazi ileile ya utambi wa kibatari: kunyonya kioevu na kukifikisha penye joto. Tofauti ni kwamba utambi wa kibatari una ruhusa ya kuungua. Ncha yake ikishakuwa nyeusi hukatwa kwa mkasi, na mwanga ukatulia. Utambi wa vepu umekumbatiwa na waya wa moto pande zote, na hautakiwi kuungua hata kidogo, kwa kuwa kinachotoka hapo hakiendi kuacha masizi darini. Kinaingia mapafuni.

Vepu nyingi za madukani huja na koili iliyofungwa kiwandani, ikichoka inatupwa. Zipo nyingine ambazo mtumiaji hujitengenezea koili mwenyewe: anazungusha waya kwenye msumari mwembamba, anaubana kwa skrubu, kisha anapitisha utambi katikati ya mizunguko. Tundu la koili kwa kawaida lina kipenyo cha milimita 2.5 hadi 3. Waya unaotumika sana ni Kanthal, mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini uliobuniwa Uswidi. Watu hutumia siku nzima kubishana kuhusu waya, utambi wakaukumbuka mwishoni kabisa, ilhali ladha mbaya nyingi huanzia kwenye utambi.

Sababu iko kwenye joto. Kioevu cha vepu ni mchanganyiko wa propilini glikoli na gliserini, pamoja na vionjo na mara nyingi nikotini. Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi joto 188, gliserini kwenye 290. Maadamu utambi umelowa, joto haliwezi kupanda mbali na hapo, kama vile sufuria ya maharage isivyoungua kabla maji hayajakauka. Lakini pamba nayo huanza kugeuka rangi na kuvunjika ikishapita nyuzi 200 na ushei. Kwa hiyo nafasi iliyopo kati ya kuchemsha kioevu na kuunguza utambi ni finyu sana, na kila aina ya utambi iliyowahi kujaribiwa ni jaribio la kuipanua nafasi hiyo, ama kwa kustahimili joto zaidi, ama kwa kuleta kioevu haraka zaidi.

Njia ya kwanza ndiyo iliyotawala mwanzoni. Baada ya mfamasia wa China, Hon Lik, kubuni sigara ya kielektroniki mwaka 2003 na biashara yake kusambaa, vifaa vingi vya miaka iliyofuata vilitumia kamba ya silika, yaani nyuzi za kioo zilizosokotwa, zenye unene wa milimita 1 hadi 3. Silika haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,600, hivyo koili ya vepu haiwezi kuiunguza. Tatizo lake ni uvivu. Kioevu hupita juu na katikati ya nyuzi tu, hakiingii ndani yake, na mvutaji mwenye haraka huukuta utambi umeshakauka. Tena nyuzi zake hukatika zikishikwashikwa. Hizi si sawa na vumbi la mawe linalowaletea wachimba migodi ugonjwa wa silikosisi, maana muundo wake ni tofauti, lakini vipande vya kioo havina sababu ya kuwa karibu na mdomo wa mtu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi wakatumia wavu wa chuma cha pua, wenye matundu 400 au 500 katika kila inchi moja. Wavu huo huviringishwa kama sigara, ukachomwa kwa moto mkali mara kadhaa hadi upate ngozi ya oksidi inayozuia umeme. Ngozi hiyo ikiwa na dosari, waya hugusa chuma kitupu, umeme unakatiza njia, na sehemu moja ya koili inawaka nyekundu huku nyingine zimelala. Ni kazi ya mtu mwenye subira na jioni ndefu. Waliobaki nayo leo ni wachache.

Pamba ilishinda kwa njia ya pili. Unyuzi wake ni selulosi, kitu kinachopenda vimiminika, na ndani yake una mfereji. Ila si kila pamba. Tonge la pamba iliyotoka shambani Simiyu au Shinyanga, likitupwa kwenye glasi ya maji, huelea juu kama bata, kwa sababu kila unyuzi umevikwa nta ya asili inayokataa maji. Pamba ya hospitali hupita kwanza kiwandani, ikachemshwa na magadi makali yanayoiondoa nta hiyo, kisha ikang'arishwa, siku hizi mara nyingi kwa haidrojeni peroksaidi. Kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kinataka pamba ya namna hiyo izame majini kabla ya sekunde 10 kwisha, na gramu moja ibebe maji yasiyopungua gramu 23. Kipimo cha glasi kinaweza kufanyika jikoni, nacho kinaeleza ubora wa pamba kuliko picha iliyo kwenye pakiti.

Hapo ndipo neno "asilia" linapochanganya watu. Lebo ya kilimo hai inaeleza pamba ilivyolimwa, haisemi ilivyosafishwa. Pamba iliyolimwa bila dawa yoyote lakini ikabaki na nta ni utambi mbovu, na pamba ya kawaida iliyochemshwa vizuri ni utambi mzuri. Vitambaa vya pamba vya urembo vya kampuni ya Kijapani ya Muji vilipendwa na wavutaji wa nchi nyingi bila kuwahi kutengenezwa kwa ajili yao. Mtu hubandua tabaka la juu na la chini lililobanwa, akakata utepe katikati. Baadaye zilikuja pamba za makusudi, kama Cotton Bacon ya Marekani, zenye nyuzi zilizolazwa upande mmoja ili zipite kwenye koili bila kufumka. Tofauti ya bei ni kubwa. Tofauti ya ladha, baada ya siku ya kwanza, si kubwa kiasi hicho.

Rayoni ni binamu wa pamba. Nayo ni selulosi, ila imetokana na miti iliyoyeyushwa kwa kemikali na kuvutwa upya kuwa nyuzi. Iliyopata umaarufu ni CelluCotton ya kampuni ya Graham, inayouzwa Marekani kwa wasusi: huzungushwa pembezoni mwa nywele ili dawa isimtiririkie mteja usoni. Wavutaji waligundua kwamba husafirisha kioevu haraka na haina ile ladha ya pamba mpya. Lakini tabia yake ni kinyume. Pamba ikilowa hutuna, rayoni ikilowa hunywea. Aliyezoea pamba akiweka rayoni kwa kipimo kilekile, itacheza ndani ya koili na kuacha sehemu za waya zikiwa tupu. Rayoni hutiwa kwa kubana kiasi cha kumtia shaka mtengenezaji, na hapo ndipo huwa sawa.

Utambi unaouzwa kwa jina la mianzi mara nyingi ni rayoni hiyohiyo iliyoanzia kwenye mianzi badala ya miti mingine. Kauri yenye vitundu nayo ipo, lakini zaidi ndani ya koili za kiwandani, kwani haikunjwi wala kukatwa kwa mkono.

Kwa pamba, kipimo hutoka vidoleni. Ncha ya utepe husokotwa, ikapitishwa kwenye koili, kisha utepe wote huvutwa taratibu. Ukiteleza bila kugusa waya, ni mchache. Koili ikipinda kuufuata, ni mwingi. Unaotakiwa hupita kwa ukinzani mdogo, waya ukitikisika kidogo tu. Mikia huchanuliwa kwa sindano ipungue msongamano, ikalazwa kwenye visima vya kioevu bila kushindiliwa. Makosa yana sauti zake: utambi mchache hugugumia kama kiko na kuvuja chini, utambi mwingi hunyamaza kabisa halafu humchoma mvutaji kooni. Mnato wa gliserini ni zaidi ya mara 20 ya ule wa propilini glikoli, kwa hiyo kioevu chenye gliserini nyingi huhitaji utambi uliolegea zaidi.

Huko kuchoma koo si ladha mbaya tu. Gliserini na propilini glikoli zikipata joto kupita kiasi huvunjika na kutoa fomaldehaidi na akrolini. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Portland State cha Marekani waliripoti viambata vya fomaldehaidi katika mvuke wa kifaa kilichowekwa volti 5, na wakosoaji wakajibu kwamba hali ile ni ya utambi mkavu ambao hakuna mtu angevumilia kuuvuta. Pande zote mbili, kimsingi, zilikuwa zinazungumzia utambi. Na utambi uliolowa barabara hauiondoi nikotini, ambayo humfunga mtu kama kawaida yake. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, iliamua kuvipiga marufuku vifaa hivi vyote.

Utambi wa pamba hudumu siku chache. Kioevu kitamu, hasa chenye sukralosi, huacha gamba jeusi kwenye waya na kuitia pamba rangi ya chai ya rangi, kuanzia pale inapoguswa na mizunguko. Pamba hiyo haifuliwi, hung'olewa. Waya ukiwa mtupu huwashwa kwa vipindi vifupi hadi gamba liteketee, ukaachwa upoe kabisa, ukasuuzwa na kukaushwa, ndipo utepe mpya upitishwe. Anayewasha waya kabla ya kuitoa pamba ya zamani, ama kabla ya kuilowesha mpya, amekwisha kuuchoma utambi, na hata akiongeza kioevu kiasi gani, harufu ya karatasi iliyoungua haitatoka.