Seli inapokosa oksijeni: Swichi inayoongeza damu na kulisha saratani

MTU anayefika kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, huvuta hewa yenye takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata akiwa Dar es Salaam. Ndani ya saa chache figo zake huanza kutoa kwa wingi erithropoietini, homoni inayouchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu.

Lakini seli hutambuaje kwamba oksijeni imepungua? Jibu la swali hilo liliwapatia Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani, pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Semenza, akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aligundua protini inayowasha jeni ya homoni hiyo. Protini hiyo huitwa kwa kifupi HIF.

Ajabu ni kwamba HIF haingoji dhiki. Seli huitengeneza wakati wote na kuiharibu wakati wote. Oksijeni ikiwapo ya kutosha, vimeng'enya maalumu huitumia oksijeni hiyohiyo kuitia HIF alama. Protini nyingine, VHL, huitambua alama hiyo, na HIF huvunjwavunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikipungua, alama haiwekwi. HIF husalimika, hujikusanya katika kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni, zikiwamo za kuchipusha mishipa mipya ya damu. Utaratibu huu waweza kuonekana wa ubadhirifu, ila faida yake ni kasi: mlinzi yuko kazini kabla hatari haijafika.

Matabibu hawakuchelewa kuona manufaa. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi hukosa homoni hiyo na kupungukiwa damu, na kwa miaka mingi tegemeo lake limekuwa sindano. Roxadustat, dawa ya kumeza inayovizuia vimeng'enya hivyo ili HIF isivunjwe, iliidhinishwa China Desemba 2018 na Umoja wa Ulaya mwaka 2021. Marekani haikuiidhinisha mwaka huo, ikitaka majaribio zaidi kuhusu usalama wake.

Tahadhari hiyo ina msingi, kwani swichi hii haichagui wa kumtumikia. Uvimbe wa saratani unaokua haraka hukosa oksijeni katikati yake, nao huitumia HIF kujivutia mishipa ya damu. Kwa waliozaliwa na kasoro katika jeni ya VHL, HIF haivunjwi ipasavyo hata oksijeni ikiwapo tele, hivyo hupata uvimbe kwenye figo, ubongo au macho.

Wagonjwa hao wanahitaji kinyume cha roxadustat. Agosti 2021 Marekani iliidhinisha belzutifan, dawa inayozuia aina mojawapo ya HIF. Miongoni mwa athari zake zinazoonekana mara nyingi ni upungufu wa damu.