Ligi ya Pwani ya Pasifiki Katika Miaka Yake ya Mwanzo

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mkazi wa California aliyetamani kuitazama besiboli ya ligi kuu za Marekani hakuwa na budi kupanda gari la moshi na kuvuka milima na majangwa hata afike St. Louis, kando ya mto Mississippi, kwani magharibi ya mji huo hapakuwa na timu hata moja ya daraja hilo. Umbali huo ndio uliozaa Ligi ya Pwani ya Pasifiki, iliyoasisiwa San Francisco mwishoni mwa Desemba 1902, ikaanza kucheza mwaka uliofuata katika miji sita: San Francisco, Oakland, Sacramento, Los Angeles, Portland na Seattle.

Ilianza kwa uasi. Chama kilichoundwa mwaka 1901 kusimamia ligi ndogo kilikuwa kimekwisha kuigawa miji kwa mikataba, na Portland na Seattle zilikuwa fungu la wengine. Waasisi waliziingia bila kuomba idhini, na ligi yao ikahesabiwa haramu mpaka sulhu ilipopatikana mwaka 1904.

Tabia ya nchi nayo iliipa ligi hii sura ya peke yake, kwa kuwa California haina theluji ya kuwafukuza watu viwanjani, na timu ya San Francisco ilicheza mechi 230 katika msimu wa 1905, ilhali msimu wa ligi kuu ulikuwa wa mechi 154. Wageni walikaa katika mji mmoja tangu Jumanne hadi Jumapili, siku ambayo aghalabu walicheza mara mbili, na Jumatatu ikawa ya safari.

Kisha, alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, zilizala na moto viliiangamiza San Francisco pamoja na uwanja wake, na timu ikahamia ng'ambo ya ghuba, Oakland. Mwaka uliofuata zilisalia timu nne tu. Hata hivyo ligi haikufa, na kufikia 1909 zilikuwa sita tena.

Lakini habari istahiliyo kukumbukwa kuliko hizo zote ni ya Jimmy Claxton, mrusha mpira mzaliwa wa Kanada mwenye asili ya watu weusi, aliyechezea Oakland tarehe 28 Mei 1916 baada ya kutambulishwa kuwa ni wa kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, maana mtu mweusi asingekubaliwa. Siku chache baadaye alifukuzwa, na kosa lake halikuwa katika mkono wake wala katika mwenendo wake. Dhuluma hiyo haikuwa ya Oakland peke yake, kwani milango ya ligi nzima ilibaki imefungwa hata 1948, mchezaji mweusi John Ritchey alipoingia uwanjani kwa jezi ya San Diego, bila kuficha asili yake.