Chemsha Uchemshavyo, Sumu ya Draiklina Haifi

"Nikiyachemsha, si basi?" Swali hili nimeulizwa kwenye semina, nimeulizwa kwenye harusi, na majuzi nimeulizwa kwa simu saa nne usiku na bwana anayetaka kuchimba kisima nyuma ya fremu iliyowahi kuwa ya draiklina. Mama mmoja mtu mzima alinikatiza katikati ya maelezo: "Mwanangu, sisi maji ya kuchemsha ndiyo yaliyotukuza." Shikamoo nilimpa, lakini jibu langu halikubadilika. Hapana.

Anayeuliza hivyo anadhani kila ubaya ulio kwenye maji ni mdudu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na hapo sina ubishi. Lakini dawa ya draiklina, tetrakloroethilini, ambayo kwa kifupi huitwa PCE, si kiumbe. Ni kiyeyushi kinachotoa mafuta na madoa kwenye suti bila kutumia maji. Haina uhai wa kuutoa.

Kinachotokea kwenye sufuria ni hiki. Pasha soda moto, gesi yote itatoka. Soda imeishiwa gesi, ila gesi haijafa. Imo humo chumbani mwako. PCE nayo hufanya vivyo hivyo: maji yakipata moto, inapanda na mvuke. Hapa wajanja hunirukia: "Kumbe inatoka! Basi kuchemsha kunafaa." Inatoka kwenda wapi, ndugu yangu? Jiko ni dogo, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, na mtoto yuko mgongoni mwa mama anayekoroga uji. Ulichokuwa unywe kwa kikombe sasa mnakivuta wawili kwa pua. Yuko pia yule aliyesoma kidogo, anayeniambia kuwa PCE huchemka kwenye nyuzi 121 na maji kwenye 100, kwa hiyo itabaki chini ya sufuria. Naye amekosea. Kiasi kidogo kilichoyeyuka majini hakingoji nyuzi 121. Hutoka na mvuke mapema kabisa, na hata maji ya moto ya kuoga yanatosha kukitoa.

Na hata ukichemshia uani penye upepo, umeshughulikia sufuria moja ya maji ya kunywa. Ndoo ya kuoga umeichemsha na kuiacha ipoe kwanza? Maji ya kufulia je? Dawa ya klorini haisaidii, maana PCE yenyewe imejaa klorini. Shabu na mbegu za mlonge hutuliza tope, na kilichoyeyuka hazikigusi. Mkaa wa jikoni uliotumbukizwa kwenye mtungi si chujio. Na kuchoma udi ili "kusafisha hewa" ni kuongeza moshi juu ya mvuke.

Wanaodhani natia chumvi wasome habari za Camp Lejeune, kambi ya wanamaji wa Marekani huko North Carolina. Ng'ambo ya barabara palikuwa na draiklina iliyofunguliwa mwaka 1953. Majitaka yake yaliingia kwenye tangi la chooni na kupenya udongoni. Masimbi yaliyobaki baada ya kusafisha dawa iliyotumika, ambayo bado yalikuwa na PCE ndani yake, yalitumika kufukia mashimo ya njia ya jirani. Visima vya mtaa wa familia za wanajeshi, Tarawa Terrace, vilikuwa hapo karibu. Visima vilivyochafuka vilipofungwa mwaka 1985, maji ya bomba yalikuwa yamepimwa na kukutwa na PCE hadi mikrogramu 215 kwa lita. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani leo ni 5. Sheria ya kuwaruhusu waathirika kwenda mahakamani kudai fidia ilipatikana mwaka 2022. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Piga na hesabu nyingine. Lita moja ya PCE ina uzito wa kilo 1.6. Ukiigawa kwa kiwango hicho cha 5, inatosha kuchafua maji zaidi ya lita milioni 300, yaani maboza zaidi ya 30,000 ya lita elfu kumi kumi. Na kwa kuwa ni nzito kuliko maji, haielei kama petroli. Inazama hadi ikutane na mfinyanzi au mwamba, inatua hapo, kisha inayeyuka kidogo kidogo kwa miongo. "Itaoza yenyewe," huniambia wengine. Kweli, bakteria wa udongoni huikatakata, na kimojawapo cha vipande vyake ni kloridi ya vinili, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani. PCE yenyewe imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kuisababisha.

Sasa wewe unayejibu, "Sisi hatuna kisima, tunatumia maji ya bomba." Hujapona. PCE hugeuka mvuke ikiwa chini ardhini na kupanda. Zege haiizuii, hupita kwenye nyufa za sakafu, kwenye upenyo wa kando ya mabomba, hata ndani ya bomba la majitaka hadi bafuni. Na usiitegemee pua. Harufu tamutamu inayokupiga unapofunua nailoni ya suti iliyotoka draiklina ndiyo hiyo PCE, lakini pua huanza kuinusa ikiwa imeshapita mbali kiwango cha kuishi nacho kila siku. Nyumba isiyonuka si nyumba iliyopimwa.

Cha kufanya? Haraka haraka: peleka maji maabara inayopima kemikali zinazogeuka mvuke, kwenye chupa ya kioo iliyojazwa hadi mdomoni bila kiputo cha hewa, ikiwa kwenye barafu. Maji yakikutwa nayo, badili chanzo, au funga chujio la mkaa maalumu pale bomba linapoingilia nyumbani, na ulibadilishe kwa wakati. Hewa ikikutwa nayo, ziba nyufa, fungua madirisha, kisha fundi apitishe bomba chini ya sakafu lenye feni ya kuvuta mvuke na kuutoa juu ya paa. Suti inayonuka itundike nje kabla ya kuiweka kabatini. Mwenye draiklina, weka beseni la kukinga chini ya mashine, usimwage hata kikombe kwenye karo, na anza kufikiria mashine za maji: Desemba 2024 Marekani ilitangaza kanuni ya kuiondoa PCE kwenye kazi hiyo ndani ya miaka 10.

Kipindupindu kiendelee kuchemshiwa maji. Lakini kabla hujamwita mchimba kisima, mtafute mzee wa mtaa, keti naye, umuulize hapo palikuwa na nini miaka thelathini iliyopita. Akisema palikuwa na draiklina, nipigie kabla ya saa nne usiku, na usiniulize habari ya sufuria.