Sataranji: Prosesa ya bei ghali haimfai kila mchezaji

KIJANA wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, anayetafuta kompyuta ya kujifunzia sataranji hukabiliwa na swali gumu: je, amalize akiba yake kwa prosesa ya kasi, au anunue mashine iliyokwisha kutumika na kubakisha fedha za mahitaji mengine?

Jibu limo katika jinsi programu za mchezo huo zinavyofikiri. Programu hupima mikao ya kete hatua moja mbele, kisha ya pili, ya tatu na kuendelea, na kila hatua huzidisha idadi ya mikao ya kukaguliwa. Kwa hivyo prosesa yenye kasi maradufu haioni mbali maradufu; katika programu za kisasa huongeza takriban hatua moja tu. Mwenye mashine ya polepole huipata hatua iyo hiyo kwa kusubiri sekunde 20 badala ya 10.

Aidha, prosesa yenye viini vinane haimpi mchezaji faida mara nane, kwani viini hivyo hurudia sehemu ya kazi ya vingine.

Mwaka 1997, Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5 mjini New York, ikikagua takriban mikao milioni 200 kwa sekunde. Mnamo 2009, programu ya Pocket Fritz 4, iliyokuwa ndani ya simu ya mkononi, ilitwaa Kombe la Mercosur mjini Buenos Aires, Argentina, kwa pointi 9.5 kati ya 10. Simu hiyo haikufikisha hata mikao 20,000 kwa sekunde. Werevu wa programu ulikuwa umefidia udogo wa mashine.

Leo Stockfish, inayotolewa bila malipo, humlemea bingwa yeyote hata ikiwa ndani ya simu ya kawaida. Anayejifunza akiongeza kasi hununua nguvu asizoweza kuzitambua.

Hata hivyo, urahisi wa bei nao una mtego wake, na wauzaji ni nadra kuutaja. Tangu 2020 Stockfish hutumia mtandao wa neva bandia, ambao hukimbia vyema kwenye prosesa zenye amri ziitwazo AVX2. Core i3, i5 na i7 za Intel zinazo kuanzia kizazi cha nne, kilichotoka 2013. Celeron na Pentium za miaka hiyo hazina. Heri basi mnunuzi aulize kizazi kabla ya kuuliza bei. Vilevile akague feni, kwa maana kompyuta iliyojaa vumbi hupata joto na prosesa ikajipunguzia kasi yenyewe.

Anayehitaji kasi kwa dhati ni mchezaji wa sataranji ya masafa, ambako shirikisho la ICCF huruhusu msaada wa kompyuta na mkao mmoja waweza kuchunguzwa kwa siku kadhaa.