Kaa Katika Jina la Ugonjwa

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuchungua asili ya majina mawili ya ugonjwa mmoja. Wengine huuita saratani, wengine kansa, na wako wadhanio kuwa ni magonjwa mawili. Lakini ukiyafuata majina hayo mpaka chimbuko lake, utakuta kwamba yote mawili yatoka kwa mnyama mmoja, naye ni kaa, yule atembeaye upande upande penye matope ya mikoko.

Habari yaanza Uyunani. Katika maandiko yaitwayo ya Hippocrates, tabibu aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, ugonjwa huu waitwa karkinos, yaani kaa. Kwa nini kaa? Galen, tabibu mkuu wa karne ya 2, alieleza kwamba uvimbe wa titi huwa na mishipa ya damu iliyofura huku na huku, mfano wa miguu ya kaa itokavyo pande zote mbili za gamba lake. Paul wa Aegina, aliyeandika katika karne ya 7, ataja na sababu nyingine iliyosemwa na watu: ugonjwa huu ukishika mahali hauachi. Sisi twaiona ile ya Galen kuwa na nguvu zaidi, maana yatokana na kuona kwa macho. Ingawa mvuvi aliyepata kubanwa kidole huenda akaichagua ya pili.

Tangu hapo neno likashika njia mbili. Warumi walilifasiri kwa Kilatini, cancer, maana yake kaa vilevile. Waingereza wakalichukua, nasi tukalipata kwao. Waarabu nao, vitabu vya Galen vilipofasiriwa katika karne ya 9, kazi aliyosifika kwayo Hunayn ibn Ishaq wa Baghdad, waliutaja ugonjwa kwa jina la kaa katika lugha yao, saratan. Wajuao hesabu ya nyota walifahamu neno hilo, kwa kuwa Saratani ni mojawapo ya buruji 12.

Basi, mtu asikiaye habari hii asije akadhani kwamba mna mdudu mwilini mwa mgonjwa, akamkimbia. Kaa hayumo. Ni chembe za mwili wenyewe zinazoongezeka pasipo kiasi, na mara nyingi zikafanya uvimbe. Wala ugonjwa haupiti kwa kumgusa mgonjwa au kula naye sahani moja. Wayunani walitaja sura tu, si chanzo. Na uvimbe ule wenye mishipa iliyotanda ulikuwa umekwisha kukua sana. Daktari wa leo hupenda kuletewa ule ulio mdogo kama punje ya hindi, usiouma, usio na mguu hata mmoja wa kaa.