King'ora pekee hakitoshi kulinda pikapu

WENYE pikapu wengi humkabidhi fundi wa umeme ufunguo asubuhi, wakarudi jioni kuchukua gari lililotiwa king'ora. Kelele zikisikika na indiketa zikimetameta, malipo hutolewa na mambo yakaishia hapo. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: je, kelele hizo zikipuuzwa na majirani, gari litaweza kuondoka?

Kwa kawaida fundi hukata waya uendao kwenye stata na kupachika relei, ili injini isiwashwe king'ora kikiwa kimetegwa. Njia hiyo ni salama kwani haiwezi kuzima gari lililo barabarani. Hata hivyo, pikapu nyingi nchini ni za gia za mkono. Mwizi aliyekwisha kuvunja swichi ya ufunguo ahitaji tu mteremko, au wenzake wawili wa kusukuma. Akitia gia ya pili na kuachilia klachi, injini huwaka bila msaada wa stata.

Dawa yake katika injini za dizeli za zamani ni kukata umeme wa solenoidi, kile kidude kilicho kwenye pampu ambacho huruhusu mafuta kupita. Umeme ukikosekana hapo, gari hata lisukumwe hadi Limuru haliwaki.

Lakini kazi hii haitaki fundi wa kubahatisha. Relei duni au kiungo kilicholegea chaweza kuzima injini kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na mara injini ikomapo kuzunguka, usukani huwa mzito na breki hupoteza msaada wake. Ndiyo maana waya za hapo zafaa kutiwa lehemu, wala si kusokotwa na kuzungushiwa tepu. Pikapu mpya ambazo ufunguo wake una kizuizi cha kiwandani hazina haja ya kukatwa waya wowote wa injini. Kufanya hivyo kwaweza kubatilisha dhamana.

Waya mkuu wa king'ora hutolewa kwenye betri kupitia fyuzi, nayo fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri. Ikiwa mbali, kipande cha waya kisicho na kinga kikigusa bodi chaweza kuzua moto.

Kasoro nyingine huonekana nyuma. King'ora cha kawaida hutambua milango ya mbele tu. Kanopi, mlango wa nyuma na gurudumu la akiba lililofungwa chini hubaki bila mlinzi, ilhali mara nyingi mzigo ndio unaowindwa. Milango hiyo yahitaji swichi zake, zikiunganishwa na waya wa milango ya mbele. Boneti nayo itiwe swichi, la sivyo mwizi ataifungua na kung'oa waya wa betri.

Kihisi cha mtikisiko hukazwa kwenye chuma chini ya dashibodi na kupimwa kwa makini. Turubai likipigwa na upepo au lori likipita, king'ora kisilie. Kikilia ovyo usiku kucha, majirani hukizoea, na siku ya wizi hakuna atakayetoka nje.

Isitoshe, kifaa hiki hula umeme gari likiwa limelala. Kikitumia miliampea 20, katika siku 30 kitamaliza takriban robo ya betri ya ampea-saa 60. Betri iliyochakaa haitahimili hayo.

Kuna pia suala la bima. Kampuni nyingi humtwisha mwenye gari lisilo na kifaa cha kuzuia wizi sehemu kubwa zaidi ya hasara gari hilo likiibwa. Kwa hivyo, risiti ya fundi yapaswa kuonyesha nambari ya usajili wa gari, aina ya kifaa na waya zilizokatwa. Karatasi hiyo hiyo humfaa fundi mwingine siku pikapu itakapokataa kuwaka mbali na nyumbani.