Kadi Mbili, Jina Moja

Kadi ya picha ndicho kifaa kiundacho picha tuzionazo kwenye kioo cha kompyuta. Wazazi walipokichangia chama chetu fedha za kununua moja iliyokwisha tumika, nilidhani GeForce GTX 1060 za mwaka 2016 zote ni sawa. Sivyo! Moja ina kumbukumbu ya gigabaiti 6 na viini vya hesabu 1,280. Nyingine ina gigabaiti 3 na viini 1,152 tu. Kwa kazi nyepesi hutofautiana kidogo. Lakini kumbukumbu ikijaa, kadi huazima ya kompyuta, iliyo ya polepole zaidi, na picha hukwama. Basi tuliiacha ile rahisi. Mnunuzi, usisome jina tu. Soma na tarakimu.